Juma Takatifu Masalani

Mwaka 2024 Juma Takatifu liliangukia ndani ya Ramadhani. Jumapili ya Matawi ilikuwa tarehe 24 Machi, na kesho yake mwezi ukapevuka. Waislamu walikuwa wamefika katikati ya mfungo wao. Sisi ambao Pasaka yetu hufuata mwezi uo huo mpevu tulikuwa tunaingia juma la mateso. Dada yangu, muuguzi wa serikali huko Masalani, makao makuu ya Ijara katika kaunti ya Garissa, alikuwa ameliona hilo kwenye kalenda mapema kuliko mimi. Akanipigia simu Wundanyi. "Mdogo wangu, Pasaka hii usiende mkutano wowote," akasema. "Njoo usali na sisi huku."

Sikuwa nimewahi kuvuka Garsen. Kwetu Taita jina la Garissa likitajwa watu hushusha sauti, na mama alipojua naenda alikaa kimya, kisha akaniwekea mikono kichwani akaomba kwa Kidawida, maombi marefu. Mimi ni mlei wa Kanisa la Anglikana. Nimelelewa katika ibada ya watu wengi: kwaya tatu Jumapili moja, kinanda, vipaza sauti, kesha ya kufunga mwaka. Nayapenda hayo yote hadi leo. Lakini kwa muda mrefu nilikuwa na swali ambalo halikupata nafasi penye umati: mtu akiondolewa kwaya na vipaza sauti, akaondolewa na umati wenyewe, sala yake inabaki nini? Dada alikuwa anaishi mahali ambapo swali hilo hulazimika kujibiwa kila siku. Nikatia begini Biblia ya Muungano, ile ya tafsiri ya 1952 aliyotuachia marehemu baba, nikateremka Voi kutafuta gari la Mombasa.

Kutoka Mombasa hadi Garissa ni safari ya kutwa. Minazi na miembe ya Kilifi na Malindi inakusindikiza, kisha ukifika Garsen nchi inageuka. Inaanza tambarare ya vichaka na mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa ukaishia kumeza malisho. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilikuwa zimeikata barabara hiyo vipande, na kila palipozibwa kwa kifusi dereva alipunguza mwendo mpaka abiria wakasikia mawe yakigonga chini ya basi. Na hiyo mvua ilikuja baada ya misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua. Kando ya njia mabaki ya ukame na mabaki ya mafuriko yalilala pamoja.

Karibu na Garsen, kando ya Mto Tana, kuna vijiji viwili ambavyo natamani kila Mkristo wa pwani avijue. Golbanti kilikuwa kituo cha Wamethodisti. Mwaka 1886 mmisionari John Houghton na mkewe waliuawa hapo, wapiganaji wa Kimaasai walipovamia. Mwaka uliofuata Wajerumani wa Misheni ya Neukirchen wakaja Ngao, jirani tu, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, akaketi na Wapokomo hadi Agano Jipya likasomeka kwa Kipokomo. Mwaka mmoja tu baada ya makaburi! Nililifikiria hilo basi likiwa limesimama Minjila na wachuuzi wakipandisha maji na ndizi madirishani. Waliouziwa tulikuwa wachache. Nusu ya basi ilikuwa imefunga, na mimi, nikiona mwenzangu wa kiti cha pili anageuza uso kwa adabu ili ninywe bila haya, nikarudisha chupa begini.

Injili katika nchi ile ilifuata mto. Ng'ambo ya mashariki ni kwa wafugaji wa Kisomali, Waislamu tangu enzi, na Wakristo wa Ijara leo karibu wote ni watumishi wa kutoka mbali: wauguzi, walimu, polisi, mafundi wa ujenzi. Wenyeji huwaita watu wa dauni Kenya. Hawana mizizi pale zaidi ya barua ya ajira.

Darajani Garissa tulishuka, tukapanga foleni, vitambulisho mkononi. Askari alikitazama changu, akanitazama usoni, akauliza naenda wapi. Nilipomjibu Masalani, kwa dada, akanirudishia akisema, "Msalimie. Mwambie atuombee na sisi." Nilivuka Tana nikiwa na salamu ya mtu nisiyemjua.

Mji wa Garissa una historia ambayo Mkristo hawezi kupita bila kuikumbuka. Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili yalishambuliwa kwa wakati mmoja, kanisa kuu la Wakatoliki na lile la Africa Inland (AIC), na watu zaidi ya kumi na watano wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa AIC. Siku zilizofuata viongozi wa Kiislamu wakatangaza kwamba vijana wao watasimama kulinda makanisa wakati wa ibada. Habari ya kwanza ilienea dunia nzima. Ya pili ilisikika kidogo, na nadhani ndiyo iliyowafanya wengi wa waliobaki wabaki.

Asubuhi niliondoka kwa gari la abiria, Land Cruiser iliyojaa magunia ya mchele, tende za Ramadhani na watu. Njia inafuata upande wa mashariki wa mto: Korakora, Kamuthe, Bura, ndipo Masalani. Tulipopita Kamuthe hakuna aliyesema neno. Hapo Januari 2020 walimu watatu waliuawa usiku, na baada yake walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka kaunti hiyo.

Saa saba gari likasimama chini ya mgunga mkubwa, pasipo duka wala nyumba. Abiria wakashuka kuswali. Mzee aliyekuwa amekaa nyuma yangu alitoa chupa ya nusu lita ya maji, akachuchumaa juu ya jiwe. Nilimtazama kwa makini kwa sababu sikuamini maji yale yangetosha. Akaanza na viganja, akasukutua, akavuta maji puani, akanawa uso, akanawa mkono wa kulia hadi kiwikoni, kisha wa kushoto, akapitisha vidole vilivyolowa kichwani na masikioni, akamaliza na miguu, akiingiza kidole kati ya kila kidole cha mguu kutoa vumbi. Kila tone lilikuwa na kazi yake. Alipomaliza, chupa ilikuwa na theluthi bado, akampa kijana aliyekuwa akingoja. Wakajipanga juu ya mikeka. Bibi kizee mmoja, ambaye dereva alimwita ayeyo, aliswali akiwa ameketi kwa sababu ya magoti.

Nilibaki kando na Biblia yangu. Nikafungua Matendo, mlango wa tatu, pale Petro na Yohana wanapopanda hekaluni saa ya kusali, saa tisa. Nimesoma mlango huo mara nyingi kwa ajili ya kiwete aliyeponywa mlangoni. Chini ya mgunga ule nikauona mstari wa kwanza: mitume walikuwa na saa. Roho Mtakatifu alikuwa ameshawashukia, ndimi za moto zimeshapita, na bado saa tisa ikifika wanaenda kusali, kwa sababu saa tisa imefika. Danieli naye alipiga magoti mara tatu kwa siku, dirisha wazi, ilhali anajua sheria imemkataza. Kanisa letu lilipokea urithi huo; kitabu cha sala alichokitunga Cranmer mwaka 1549 kinampa kila Mwanglikana sala ya asubuhi na ya jioni. Kwetu tumekiachia makasisi.

Masalani tulifika jua likiwa bado kali. Punda walikuwa wanavuta mikokoteni ya jerikeni kutoka mtoni, na vijana walikuwa wanapanga meza za sambusa wakisubiri magharibi. Dada alinipokea getini na sare yake ya kazi. Tulikumbatiana, akaninawisha mikono, akaniambia chai iko tayari lakini yeye hanywi hadi jioni. Tangu Ramadhani ianze alikuwa akiifunga Kwaresima yake kwa saa za majirani, anaamka nao daku na kufuturu nao magharibi. Nikamuuliza kama ni kwa kuogopa watu. Akacheka. "Mwaka wa kwanza nilikula nimejifungia chumbani na madirisha yote, joto likataka kuniua. Nikaona, kama kufunga nimeagizwa na mimi, kwa nini nisifunge wakati nchi nzima inanisaidia kufunga?"

Ratiba yake ilikuwa hivi. Adhana ya alfajiri ikilia, yeye huwa ameshaketi kitandani, Injili magotini. Saa tisa, kama hayuko zamu, husimama dakika chache. Akiwa zamu, husali akitembea kati ya vitanda. Jioni, baada ya futari, Wakristo kadhaa hukutana sebuleni kwake. Juma lile walikuwako mwalimu kutoka Kisii, askari polisi kijana kutoka Kitale, fundi wa umeme, na mama mmoja Mpokomo wa Ngao anayefanya biashara ndogo sokoni. Hakuna kinanda. Hawapazi sauti, kwanza kwa sababu za usalama, halafu kwa sababu ukuta wa jirani uko karibu na mtoto wake amelala. Wanasoma zaburi moja, kwa zamu, polepole, wanakaa kimya, kisha kila mmoja anaomba sentensi mbili tatu. Kanuni yao ni moja: zaburi zinasomwa kwa mpangilio na hairuhusiwi kuruka. Waliianza ya kwanza majuma mengi kabla sijafika, na Jumapili ya Matawi walikuwa kwenye ya 105.

Ndugu msomaji, kanuni hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Makanisani mwetu tunaimba zaburi kama kumi, zile tamu. Ukizisoma zote kwa mpangilio utakutana na mtu anayelalamika, anayelia, anayemwuliza Mungu kama amelala, anayetukana adui zake. Hazikuulizi unajisikiaje leo. Siku umechangamka zinakupa maombolezo, na siku umechoka zinakupa tarumbeta. Mwanzoni niliona hiyo ni kama kuvaa nguo ya mtu mwingine. Kufikia Jumanne, tulipofika Zaburi ya 107 na wale waliopotea nyikani wakiwa na njaa na kiu, nikaanza kuelewa. Siku hiyo dada alikuwa amepokea mama mjamzito aliyebebwa kutoka mbali, njia mbovu, na mama huyo akampoteza mtoto. Zaburi ikamlilia huyo mama kwa niaba yetu, ambao hatukuwa na maneno. Hapo sala inaacha kuwa mambo yangu na Mungu wangu. Inakuwa sauti ya watu wengine iliyopewa mdomo wangu.

Katika mazungumzo ya usiku dada alinisimulia habari za Annalena Tonelli, ambaye wauguzi wa kaskazini mashariki bado wanamtaja. Alikuwa Mwitalia, Mkatoliki mlei, mzaliwa wa Forlì. Alifika Kenya mwaka 1969 kufundisha, akaenda Wajir, akawatumikia wagonjwa wa kifua kikuu miongoni mwa wafugaji. Mwaka 1976 alikabidhiwa mradi wa majaribio wa kuwatibu wahamaji: badala ya kuwapa dawa wakapotee nazo malishoni, wagonjwa walipiga kambi karibu naye kwa miezi, wakimeza dawa mbele ya macho ya mtu. Njia hiyo ya kusimamia umezaji wa dawa baadaye ilienea duniani. Wakati wa mauaji ya Wasomali huko Wagalla, karibu na Wajir, mwaka 1984 alitafuta majeruhi na kutoa habari nje, na hatimaye akalazimika kuondoka Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003, mwaka uleule aliopewa tuzo ya Nansen ya wakimbizi. Watu humsifu kwa kazi. Dada yangu humpenda kwa jambo lingine: kule Wajir alikuwa na mahali pa upweke pa kusali, na alirudi hapo tena na tena kukaa kimya na Injili. "Wanasema alikuwa na nguvu," dada aliniambia. "Mimi naona alikuwa na mahali pa kukaa kimya."

Annalena naye alimfuata Charles de Foucauld, Mfaransa aliyeishi kati ya Watuareg wa Sahara na kuuawa Tamanrasset mwaka 1916, ambaye Papa alimtangaza mtakatifu Mei 2022. Foucauld alikuwa ameiacha imani tangu ujana. Kilichoanza kumtikisa ni kuwaona Waislamu wa Moroko wakiswali, mwaka 1883 na 1884, alipokuwa akisafiri huko. Aliona watu wanaoishi mbele za Mungu wakati wote, akajiuliza yeye anaishi mbele za nani. Nilipoisikia habari hiyo pale Masalani, vyungu vya daku vikigongana nyumba ya pili, niliikubali mara moja. Imani yangu kwa Kristo haikupungua hata chembe kwa kukaa kati ya watu wanaoswali mara tano. Iliona haya, ikaamka.

Jumatano nilifuatana na dada kwenye kliniki ya kuhamahama, chanjo za watoto wa wafugaji. Tuliegesha penye silanga, bwawa la kuchimbwa, na kando yake kisima cha mkono kilichojengewa magogo mdomoni. Wanaume watatu walikuwa ndani yake kwa ngazi, wanapokezana ndoo kutoka mkono hadi mkono, na ng'ombe wanasubiri kwa makundi, kila kundi na mwenyewe. Kulizuka maneno. Mmoja alidai zamu yake imerukwa, fimbo zikainuka. Mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina akaja, akasikiliza pande zote akiwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya fimbo yake, akaamua. Aliyeshindwa akawageuza ng'ombe wake bila neno, akaondoka nao kwenda mbali, kwenye jua.

Nilikuwa nimeisoma Mwanzo 26 tangu shule ya Jumapili. Isaka anachimba kisima, wachungaji wa Gerari wanakigombania, anakiacha. Anachimba cha pili, wanakigombania, anakiacha. Anachimba cha tatu, hakuna ugomvi, anakiita Rehobothi kwa kuwa Bwana amemfanyia nafasi. Tulifundishwa kwamba Isaka ni mfano wa uvumilivu, na kwetu milimani, ambako maji yanateremka yenyewe, nililichukulia hilo kuwa jambo la tabia njema. Pale kisimani nilimwona mtu akiondoka na ng'ombe wenye kiu. Kuacha kisima ni kuacha kazi ya miezi na uhai wa mifugo ya ukoo mzima. Isaka hakuwa mpole tu. Alikuwa anaamini kwamba aliye na maji ni Mungu, wala si shimo hili. Ni imani ya namna hiyo ninayoitaka, na ninajua sasa ina bei gani.

Ikafika Alhamisi Kuu, na kwa mpangilio wao, Zaburi ya 109.

Kwa wasiojua, hiyo ndiyo zaburi kali kuliko karibu zote. Mwenye kuomba amesalitiwa na watu aliowatendea mema, naye anataka siku za adui yake ziwe chache, mkewe awe mjane, watoto wake watangetange wakiomba. Petro aliutumia mstari mmoja wa humo juu ya Yuda, katika Matendo mlango wa kwanza. Na ilikuwa pia Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015, wauaji walipoingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakawakuta wanafunzi wa umoja wa Wakristo kwenye maombi, wakatenga waliotaka kuwaua. Waliokufa walikuwa 148. Hakuna aliyepanga zaburi hiyo iangukie jioni hiyo. Zamu ya kusoma ilikuwa ya yule kijana polisi.

Alisoma vizuri hadi penye watoto yatima, akanyamaza. Akatazama chini. Mwalimu akanyoosha mkono kuipokea Biblia. Mama Mpokomo akasema, "Muache. Soma, mwanangu, yote ni Neno." Akasoma hadi mwisho, sauti ikitetemeka, kisha akasema jambo ambalo sitalisahau. Mwenzake wa chuo cha polisi, aliyelala naye bweni moja wakati wa mafunzo, alikufa kwa bomu la kutegwa barabarani upande wa msitu wa Boni. "Haya maneno nimekuwa nikiyaomba kimoyomoyo tangu azikwe," akasema. "Nilikuwa nikiyaona dhambi, sithubutu kuja nayo kwenye ibada. Sikujua yamo kwenye Biblia."

Tulikaa kimya muda. Kisha dada akafungua Yohana 13, akasoma habari ya Bwana kuvua vazi la nje na kujifunga kitambaa. Alileta beseni la plastiki la kijani na jagi, akapiga magoti mbele ya yule kijana, akaivua buti moja, soksi ikiwa imegandamana na jasho na vumbi jekundu, akaosha mguu wa kwanza, kisha wa pili, kisha miguu yetu sote, na mwisho mwalimu akaosha ya dada. Dada alipoketi alisema sentensi moja tu: Yuda alikuwa bado yumo chumbani miguu ilipooshwa, kwa hiyo na yake ilioshwa.

Nimelitafakari hilo mwaka mzima na nataka kulisema wazi. Wako wahubiri wanaotuambia tusamehe upesi, eti hasira si ya Mkristo, na watu kama kijana yule wanaificha hasira mahali ambapo Mungu hatajwi, nayo humo inaoza. Wako wengine wanaotumia zaburi hizo kuwapiga jirani zao kwa jina la maombi ya vita. Zaburi ya 109 haifanyi lolote kati ya hayo. Inaruhusu kinywa kusema yote, lakini inaelekeza kinywa kwa Mungu peke yake, na upanga haumo mkononi mwa mwombaji. Kuelekea mwisho hamtaji adui peke yake; anajitaja na yeye mwenyewe, maskini na mhitaji, moyo umejeruhiwa. Hapo ndipo kisasi kinapoanza kumtoka mtu, akiisha kukisema chote mbele za Mwenye kuhukumu. Kukua kiroho, kama nilivyokuona pale, ni kuweza kukaa chumba kimoja na Neno zima, na bado kuinama kwenye beseni.

Ijumaa Kuu tuliingia ibada saa tisa. Kijana wa jirani, ametoka sala ya Ijumaa, aliketi getini na tasbihi yake mpaka tukamaliza, wala hakuna aliyemwomba. Magharibi ikaja sahani ya tende na sambusa kutoka kwao. Jumapili ya Pasaka, magharibi tena, dada akairudisha ikiwa na chapati na mbuzi wa kukaanga, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Tuliimba wimbo mmoja wa ufufuo, kwa sauti ya chini, na mama Mpokomo akalia kwa furaha.

Jumatatu ya Pasaka tulienda hifadhi ya Ishaqbini kuona hirola. Ni paa wa rangi ya mchanga, mwenye mstari mweupe kati ya macho unaomfanya aonekane amevaa miwani, na duniani kote wamebaki chini ya 500, wengi wao katika nchi hii tu. Mwaka 1996 serikali ilipotaka kuwahamishia Tsavo, wenyeji walikwenda mahakamani kuzuia. Mwaka 2012 wakawatengea eneo la uzio, wakianza na hirola 48. Askari wa hifadhi, Msomali wa hapohapo, alituonyesha majike watatu na ndama mmoja kivulini, akanong'ona kwamba Mungu angewataka Tsavo angewaumba Tsavo. Nikakumbuka Ayubu 39, Mungu anapomwuliza yule mtu aliyejaa maumivu kama anajua majira ya mbuzi mwitu wa majabali kuzaa. Baada ya Zaburi ya 109 nilihitaji swali la namna hiyo, linaloniinua macho kutoka kwenye jeraha langu.

Nilirudi tarehe 2 Aprili, kumbukumbu ya miaka tisa ya mauaji yale. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016 na kinafundisha. Garissa mjini nilimtafuta yule askari wa darajani nimwambie salamu zake zimefika, lakini zamu ilikuwa imebadilika.

Sasa kila jioni nasoma zaburi moja, bila kuruka, nyumbani Wundanyi, na mke wangu amejiunga. Kwako msomaji nina ombi. Katika kanisa lako hakosekani mtu mwenye mtoto, ndugu au mwenzi anayefanya kazi Ijara, Fafi, Wajir au Mandera. Muulize jina lake. Mwombee kwa jina hilo saa tisa, ukiwa popote, na Jumapili mpigie simu, kwa sababu kule ibada ni ya watu watano na sauti ya sita kutoka nyumbani inasikika sana. Na unapomwombea, mtaje pia jirani yake aliyeketi getini.